Paka akikuuma Lamu usiseme "ni paka tu"

Kwanza niseme mimi ni mtu wa paka, msije mkanielewa vibaya. Nimezaliwa mtaa wa Langoni hapa Lamu na nyumbani kwetu kuna paka watatu ambao si wetu, wanakuja saa ya kusafisha samaki wanakaa hapo dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, kama wageni walioalikwa, wakishiba wanaondoka bila hata asante. Huku kwetu paka ni jirani. Ukipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, asubuhi unawaruka, ukienda sokoni karibu na Ngome wako chini ya meza za samaki, ukienda msikitini wako mlangoni wanaota jua. Kwa hivo sijaja kuwaambia muwapige mawe. Nimekuja manake mwaka jana mmoja aliniuma, na paka naye anaweza kukupa kichaa cha mbwa, na yale niliyoambiwa siku ile na watu wazima wenye akili zao yalinitisha kuliko lile jino.

Ilikuwa hivi. Paka mmoja mwenye mkia uliopinda alikuwa amezaa chini ya ngazi, ndani ya gunia la makumbi, mimi sina habari, nataka makumbi ya kuwashia moto nikapeleka mkono. Sikumuona hata alipotoka. Nilisikia tu kama sindano mbili zimezama hapa kwenye nyama ya kidole gumba, halafu akaachia akarudi kwa watoto wake. Damu matone mawili tu, mtu angesema hamna kitu. Mama jirani akachungulia akasema "Ni paka hoyo, si mbwa, tia kahawa ikauke." Mwengine akasema dawa ya meno. Nikaenda kliniki moja, sitaitaja, sista wa zamu akaniuliza nimeumwa na nini, nikamwambia paka, akacheka, akanipaka spiriti akasema "Mama, kichaa ni cha mbwa, wewe nenda nyumbani kapumzike." Nikaenda. Kumbe nilitakiwa nisiende.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayesomea unesi Mombasa, nilimpigia jioni kwa mambo mengine kabisa nikamtajia kwa kupitia, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Shangazi, umeosha dakika ngapi?" Nikamwambia nimesuuza. Akanigombeza mpaka nikaona aibu. Haya ninayoyaandika hapa mengi nilianza kuyajua usiku ule, mengine nimejifunza baadaye kwa daktari na kwa watu wa mifugo.

Tatizo letu kubwa ni hilo jina la ugonjwa. Tumeuita kichaa cha mbwa, na kweli mbwa ndio wenye lawama kubwa, Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya binadamu wanaopata ugonjwa huu wamepata kwa mbwa. Lakini kirusi chenyewe hakichagui, kinaingia kwa mnyama yeyote anayenyonyesha, awe paka, punda, mbuzi, ng'ombe au mtu, na kinatoka kwa mate. Paka akiumana na mbwa mwenye kichaa, kidonda kikapona vizuri tu, wiki kadhaa baadaye yeye mwenyewe anaweza kuwa na kichaa na akakuuma wewe. Huko Marekani mbwa wanachanjwa sana, kichaa cha kupitishana mbwa kwa mbwa wameshakimaliza, na sasa kila mwaka paka wanaokutwa na kichaa ni wengi kuliko mbwa, manake paka wa mitaani hana mwenyewe wa kumpeleka kuchanjwa na usiku anagombana na wanyama wa porini wenye ugonjwa. Sasa hebu angalia paka wetu, ni nani amempeleka kuchanjwa?

Halafu watu wa Lamu tuna lile la pili, tunajiambia kisiwani mbwa si wengi kwa hivo tumesalimika. Mokowe ni pale, unavuka na boti kabla kahawa haijapoa, na ukishafika bara kwenda Hindi na Mpeketoni mbwa wamejaa. Na paka nao husafiri, anaingia kwenye jahazi la mzigo anashuka nalo upande wa pili hana tikiti. Kenya ugonjwa huu umeandikwa tangu 1912 na mpango wa serikali ni kwamba ifikapo 2030 kusiwe na mtu anayekufa nao, sasa hivi bado watu wanakufa.

Ukweli wote nikuambie, uwezekano wa yule paka wa dakani kwako kuwa na kichaa ni mdogo. Mdogo sana pengine. Lakini dalili zikishaanza kwa mtu, yaani pale alipoumwa panamwasha au panafanya ganzi, homa, anaogopa maji, hawezi kumeza hata mate yake, basi hapo karibu hakuna anayepona, ni siku chache tu. Na kabla ya dalili kuna kinga inayofanya kazi vizuri mno ukiiwahi. Kwa hivo mtu aliyeumwa na paka asiyemjua hana haja ya kukaa kupiga hesabu ya uwezekano, anafanya tu yanayotakiwa.

Maji na sabuni, dakika 15, sio utani

Hii ndio ya kwanza na unaifanya hapo hapo ulipo, kabla ya kutafuta viatu. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano. Mimi mwanzoni nilidhani ni kutia chumvi tu, dakika kumi na tano za nini kwa vitundu viwili, lakini daktari alinieleza kirusi hiki kimevaa ganda la mafuta na sabuni inalivunja, na kikiwa bado kiko hapo kwenye nyama hakijaingia kwenye mshipa wa fahamu unaweza kukipunguza sana kwa kuosha tu. Sabuni yoyote, ya kufulia, ya kuogea, ya vyombo. Kama nyumba yako ni ya birika, lile tangi la maji la kujengwa, chota na kata, mtu mwengine akumwagie taratibu wewe unasugua, usitumbukize mkono kwenye birika lenyewe utawaharibia wote maji. Maji ya kisima cha chumvi sabuni haitoi povu vizuri, kama ya bomba yapo tumia hayo, kama hayapo tumia hayo hayo ya kisima usisimame kufikiria. Weka saa ya simu. Nakwambia weka saa, manake dakika tatu za kuosha kidonda kinachouma unaziona kama nusu saa, mimi nilirudia usiku ule nikiwa nimeangalia simu na nilipodhani nimemaliza ilikuwa dakika ya sita.

Tundu la jino la paka ni jembamba, linajifunga haraka juu na chini kumebaki uchafu. Kwa hivo lifungue kidogo kwa kulisugua na povu, acha damu itoke kama inatoka, usikamue kwa nguvu wala usilinyonye kwa mdomo. Ukimaliza jipake dawa ya kuua vijidudu, ile ya rangi ya kahawia ya ayodini ndio nzuri, au spiriti.

Usitie kahawa. Usitie pilipili, chumvi, mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, wala lile jiwe jeusi la nyoka. Nawaheshimu wazee wangu na kuna mengi wanayajua ambayo hospitali haiyajui, lakini hili hapana, unaziba kidonda na kirusi kiko ndani na unapoteza masaa. Usifunge bandeji ya kukaza na kama mtu anataka kukushona mwambie ni jino la mnyama, vidonda hivi kikawaida havishonwi hapo hapo.

Halafu hospitali, leo, sio kesho

Mpwa wangu alinifundisha jinsi vidonda vinavyogawanywa, na ni vizuri ujue kabla hujafika manake ukijua huchekwi. Kama umemshika tu paka, umemlisha, amekulamba mahali ngozi ni nzima, hapo hakuna kitu, osha mikono endelea na kazi zako. Kama amekuparura juujuu au amekung'ata kidogo ngozi ikakwaruzika bila damu, hapo unahitaji chanjo. Na kama jino au kucha imetoboa ngozi, hata tundu moja, hata tone moja la damu, au amekulamba kwenye kidonda kilicho wazi, au mate yake yameingia jichoni au mdomoni, hiyo ndio daraja ya juu kabisa, unahitaji chanjo pamoja na sindano ya pili inaitwa imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, ambayo inachomwa hapo hapo kwenye kidonda na pembeni yake. Mimi na matone yangu mawili nilikuwa daraja ya juu na nimeambiwa nikapumzike.

Kucha nazo watu wanazidharau. Paka hujilamba makucha mchana kutwa, ndio maana zinahesabiwa.

Kabla ya kutoka piga simu. Hili nawaambia hasa walioko Faza, Kizingitini, Kiunga, Kipungani, boti zinafuata maji na upepo, na msimu wa kusi mtu anaweza kufika mjini ameloa chapa akaambiwa chanjo imekwisha arudi kesho. Kuwe na mtu mjini akuulizie hospitali ya kaunti pale King Fahad na maduka ya dawa makubwa, dawa ipo, zote mbili au moja, bei gani. Wakikwambia ununue nje ulete, kumbuka chanjo inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8, kwa hivo nenda na chupa ya chai au kijiboksi chenye barafu, barafu ya samaki ni sawa lakini ifunge kwenye nailoni na taulo chanjo isiiguse, ikiganda imeharibika. Na usizunguke nayo mjini ukisalimia watu.

Ukifika useme maneno haya haya: nimeumwa na paka wa mtaani, simjui kama amechanjwa, nimeosha dakika 15, nataka kinga ya kichaa. Ukichekwa uliza nani mkubwa wake. Mimi siku ya pili nilienda mahali pengine, nikasema hivo hivo, nikahudumiwa bila mashaka.

Sindano si za tumbo! Hii habari ya sindano kumi na nne za kitovuni bado inatembea mabarazani na kuna watu kwa kuiogopa wanakaa nyumbani. Zilikuwepo kweli, ni chanjo za kizamani zilizotokana na kazi ya yule mwanasayansi Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885, zilikuwa zinatengenezwa kwa ubongo na uti wa mgongo wa wanyama, na mtu alichomwa nyingi tumboni. Siku hizi ni sindano ndogo ya bega, mtoto mdogo ni paja, ila isichomwe makalioni haifanyi kazi vizuri huko. Mimi niliandikiwa siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Siku ya 0 ni ile unayochomwa ya kwanza, si ile uliyoumwa, watu huchanganya hapo. Kuna hospitali zinachoma ndani ya ngozi yenyewe kwa siku chache zaidi, fuata kadi yako usifuate ya jirani. Imunoglobulini ni mara moja tu, na kama siku ya kwanza haikupatikana bado inaweza kuchomwa ndani ya siku saba tangu chanjo ya kwanza, kwa hivo usikubali kuchelewesha chanjo ati mpaka zote mbili ziwepo, anza na iliyopo.

Mjamzito anachomwa. Anayenyonyesha anachomwa. Mtoto mchanga anachomwa. Aliyewahi kuchanjwa zamani akamaliza, anaongezewa mbili tu na ile ya kidonda haihitaji. Na kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani, masheikh wengi wanasema sindano ya dawa haifunguzi, muulize wako lakini usingojee Idi. Na kama umeumwa wiki tatu zilizopita ukakaa kimya, nenda vilevile. Ugonjwa huu mara nyingi huchukua miezi miwili mitatu kutoka kuumwa mpaka kuonekana, wengine wiki moja, wengine hadi mwaka, kwa hivo kukaa salama wiki tatu hakujathibitisha chochote.

Ukiwa hapo hapo omba na ya pepopunda, na uulize antibayotiki. Hili watu wanalisahau kabisa na kusema kweli ndilo linalowapata wengi zaidi. Jino la paka linaingiza vijidudu ndani kabisa karibu na mfupa. Mimi nilipoamka alfajiri kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinadunda kama kina moyo wake, nikashindwa hata kushika kata ya kutawadha. Hiyo si kichaa, ni usaha unajiandaa, na kwenye mkono ukiuchelewesha unaweza kupata ulemavu wa kiungo. Wekundu ukianza kupanda kama mstari kuelekea kiwiko, ondoka usingoje miadi.

Usimuue paka, utamhitaji

Kitu cha kwanza vijana wa mtaa walichotaka kufanya ni kumpiga marungu. Nikawazuia kwa huruma ya wale watoto wake, kumbe nimefanya jambo la maana kwa sababu nyingine. Paka au mbwa akiwa na kirusi kwenye mate siku ile aliyokuuma, basi ndani ya siku kumi atakuwa ameugua wazi au amekufa. Akipita siku kumi yuko mzima, anakula, ana akili zake, basi siku ile mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kukusimamishia sindano zilizobaki. Ila chanjo unaanza siku ya kwanza, hungoji hizo kumi ziishe ndio uamue, usijefanya hilo kosa. Na paka asiyejulikana, aliyeuma akapotea vichochoroni, huyo mchukulie kama alikuwa nacho, unamaliza sindano zote.

Wa kwangu kwa kuwa alikuwa na watoto hakwenda mbali. Nilitundika kalenda ya duka pale chini ya ngazi, kila siku nikimuona naweka alama, na watoto wa mtaani nikawafanya askari, anayemuona mkia-uliopinda anakuja kuniambia, bila kumkaribia. Nilikuwa napeleka vichwa vya dagaa naviweka kwa mbali na kijiti naangalia: amekula au hakula, amemeza sawasawa, anatembea vizuri, ananitoa macho kama kawaida yake. Kuna siku ya tano sikumuona mpaka magharibi, wallahi nilishindwa kula.

Kama ungeweza kumfungia kwa usalama, tenga la kuku lenye kifuniko au chumba kisichotumika, ni bora zaidi, lakini usijaribu kumkamata kwa mikono mitupu utaumwa mara ya pili. Ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe. Akifa ndani ya hizo siku usimtupe baharini wala usimponde kichwa, kipimo chake kinafanywa kwenye ubongo, kwa hivo mtie kwenye nailoni mbili ukiwa umevaa glavu, muweke kwenye baridi mbali na chakula, upigie watu wa mifugo wakwambie la kufanya, na hospitali waambie siku hiyo hiyo.

Paka wa kuogopa anakuwaje

Si lazima atoke mapovu kama tunavyohadithiwa. Angalia mabadiliko. Paka mpole uliyemzoea ghafla anajificha gizani na ukimgusa anarukia mkono na haachi. Au yule mkali ambaye miaka yote hakukaribii, leo anakuja mwenyewe anajisugua miguuni. Sauti imebadilika imekuwa nzito kama mtoto aliyekaukiwa. Anayumba nyuma, taya linaning'inia, mate yanamtoka, anashambulia hata mti au kandambili bila sababu. Wengine wanapooza tu kimya wanakufa. Yeyote wa hivo ondoa watoto, funga mlango, piga simu. Ila pia nisiwatie wazimu, paka anayekoroma kwa hasira ukimshika mkia ni paka mzima mwenye haki yake, na paka aliyedhoofu mwenye tongo za macho huku kwetu mara nyingi ana mafua yao tu.

Punda nao, kwa kuwa mji wetu ndio mji wa punda, wanaweza kuupata kwa kuumwa. Punda aliyeanza kung'ata watu na kujing'ata mwenyewe ovyo, hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni ati umtoe kilichomkwama. Panya sana sana hawana habari na kichaa, nimeulizwa hilo mara nyingi.

Watoto

Hapa nataka nikae kidogo. Mtoto ndiye anayemfuata paka chini ya kitanda, ndiye anayemvuta masikio, na kwa vile yuko chini uso wake uko karibu na uso wa paka, na jeraha la usoni au shingoni ni baya zaidi manake ni karibu na ubongo, hilo unakimbia nalo usiku usiku. Na mtoto akiparurwa haji kukwambia. Kaka yangu ana kijana wa miaka saba, alikaa siku mbili na mikwaruzo tumboni ameificha kwa fulana kwa sababu alikatazwa kucheza na paka na aliogopa kichapo. Tulimgundua akioga. Tangu hapo nyumbani kwetu tumeweka sheria, anayekuja kusema ameumwa au ameparurwa na mnyama yeyote hapigwi wala hagombezwi, anaoshwa kwanza, halafu anapewa kitu, hata kaimati moja. Wafundishe pia wasimguse paka anayekula, aliyelala, au mwenye watoto, na wasiwatenganishe wanaopigana, wamwagieni maji wataachana wenyewe.

Na ukitaka kuendelea kuwalisha

Lisha, nani atakukataza, thawabu ni zako. Ila weka chini uondoke, usiwalishe mkononi, na weka saa moja na mahali pamoja pasipokuwa njia ya watoto kwenda chuoni, yaani madrasa. Mabaki yasikae usiku. Paka akinasa kwenye nyavu au mfereji tumia taulo zito au gunia mfunike kwanza ndio umshike, na hata hivo ni bora uite mtu mwenye glavu za ngozi.

Kubwa zaidi ni kuchanjwa wao wenyewe. Paka anachanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, anarudiwa baada ya mwaka, na baada ya hapo utaambiwa kulingana na chanjo iliyotumika. Kinachofanya kazi kwa wale wa mtaani ni kuwanasa kwa mtego wa kizimba, kuwafunga uzazi, kuwachanja siku hiyo hiyo wakiwa bado wamelala, kuwakata ncha ndogo ya sikio ili wajulikane, halafu kuwarudisha pale pale walipotoka. Kuwaua au kuwahamishia bara hakusaidii, nafasi na vichwa vya samaki vikibaki wanaingia wengine wasiochanjwa. Hapa Lamu huduma za paka zipo, za watu wanaojitolea na za kaunti, na kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, ile siku ya kichaa duniani, ni wakati mzuri wa kuuliza kama kuna chanjo ya bure. Paka mwenye ncha ya sikio iliyokatwa angalau unajua aliwahi kupitia kwa daktari, lakini akikuuma osha na uende hospitali vilevile manake hujui chanjo yake imepitwa na muda au vipi.

Mkia-uliopinda alifika siku ya kumi yuko mzima kabisa, alinikoromea nilipoweka alama ya mwisho. Nilikuwa nimeshachoma tatu, daktari akaangalia kalenda yangu, akaniuliza maswali mawili matatu, akasema basi nisimame hapo. Watoto walipoacha kunyonya tulimnasa kwa dagaa wa kukaanga, akafungwa uzazi akachanjwa, sasa hivi yuko dakani na sikio lake fupi. Makumbi nimeyahamishia darini na siku hizi nikitaka gunia nalipiga teke kwanza.